Idioms za Kiingereza zilivyonitoa kwenye turubai la mitumba Songea hadi kwenye mawe ya Tunduru

Wakuu, nawasalimu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Watakaosema hii ni chai, wanywe taratibu isiwaunguze. Mimi naandika nilichokiishi.

Nimeona vijana humu wanaulizana jinsi ya kujua idioms za Kiingereza na maana zake. Nikacheka peke yangu. Mtu wa kumuuliza mnaye hapa, la saba wa Songea, sekondari sikuigusa hata kwa kupita njia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwishoni mwa enzi za ruksa. Biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mimi nilikuwa na turubai langu la mitumba karibu na stendi. Bila kujisifu, nusu ya mabwana harusi wa mtaa wa Msamala walifunga ndoa ndani ya mashati yangu.

Haya, najisifu kidogo.

Nyumba niliyopanga alihamia mwalimu kutoka Bukoba, tukimwita Ticha. Jioni alitufundisha Kiingereza barazani, mafundi cherehani, wauza nyanya, na mimi.

Grammar ilinishinda mapema. Idioms zikanikaa, kwa sababu Ticha alizifundisha kama methali zetu. Yeye anaanza, sisi tunamalizia.

Akisema "Don't count your chickens", baraza zima linaitikia "before they hatch". Yaani usishangilie kitu hujakitia mkononi.

Akisema "Kill two birds", tunajibu "with one stone". Safari moja, shida mbili zimeisha.

"Where there's smoke", "there's fire". Hiyo ni lisemwalo lipo, hakuna cha ajabu.

Nilizimeza zote. Hata wateja niliwauzia kwa idioms, wakidhani nimesoma.

Sasa kosa langu likawa hapo hapo. Niliamini Waingereza nao wakikutana wanaongea hivyo, huyu anaanza, yule anamalizia.

Siku moja akaja mzungu mnunuzi wa mawe ya vito, tumwite Pita, akafikia gesti ya Mama Kapinga. Tunduru wakati huo ilikuwa inachemka, kila anayetoka huko anazungumzia mawe. Pita alishawahi kwenda na mkalimani msomi kutoka Dar. Wazee wa mawe wakawatazama, wakasema hawana kitu, Pita na msomi wake wakarudi mikono mitupu.

Sasa alitaka mkalimani mwingine. Mama Kapinga akanipenyezea habari. Nikavaa shati bora kwenye turubai, nikaenda.

Nikasalimia, nikakaa, nikakunja nne. Nikafungua mazungumzo.

"Don't count your chickens."

Nikasubiri amalizie.

Pita akanitazama. Naye akasubiri.

Nikajaribu nyingine. "Where there's smoke." Jamaa akageuka kuangalia jikoni kama kuna kinachoungua.

Nikamgeukia Mama Kapinga, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba huyu mzungu ni wa bandia, Kiingereza cha kwao kinamshinda.

Mama alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Wewe Fidelisi, pengine huko kwao kila mtu anamalizia ya kwake."

Wakuu, hapo nikalishtukia kosa langu. Nikamweleza Pita kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba kwetu methali ni ya watu wawili. Mkubwa anaanza, wewe unamalizia. Ukimalizia, anajua umelelewa, mnaweza kuongea. Ukikaa kimya, basi wewe ni mgeni tu.

Pita akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama wazee wa Tunduru nao hufanya hivyo. Nikamwambia ndio zao.

Akanichukua kwa majaribio. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleweka: mzee mmoja tu akikubali kutuonyesha mawe, mimi ni mtu wake msimu mzima. Wakikataa, narudi kwenye turubai.

Barabara ya Tunduru masika mnaijua. Landrover inazama kwenye tope, Pita anakanyaga mafuta kwa hasira, tunazama zaidi. Kila tukizama namwambia "Haraka haraka". Mwanzoni alinuna. Tulipokaribia kufika alikuwa anajibu mwenyewe, huku anatoka na koleo.

Tukafika kwa Mzee Saidi. Huyu akikukubali, na wazee wenzake wa mawe wanakukubali. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mkekani, akaagiza chai ya tangawizi.

Chai haijafika, Pita akaanza. Anauliza mawe yako wapi, anatoa tochi ya kuyakagulia. Nikamkanyaga mguu, haelewi.

Mzee Saidi akakusanya kitambaa chake, akakirudisha mfukoni. Nikaliona turubai langu la mitumba linaniita kwa jina.

Kisha mzee akamtazama mzungu usoni.

"Haraka haraka," akasema, akaacha.

Nikafungua mdomo nimwokoe. Mzee akaninyooshea kiganja, kwamba sikuulizwa mimi.

Pita akaizima tochi.

"Haina baraka, mzee."

Mzee Saidi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akamwita mkewe aje amsikie mzungu. Tukanywa chai, tukaongezwa, tukaulizwa habari za nyumbani kwa kila mtu. Halafu kitambaa kikatoka, kikafunguliwa juu ya mkeka, mawe yakang'aa.

Turubai lile nilimwachia fundi mmoja pale barazani. Leo ukishuka Songea ukamtaja Fidelisi wa Mawe, utasindikizwa hadi getini.

Tukiwa njiani kurudi, Pita akasema "When in Rome", kisha akaachia hapo, ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Do as the Romans do," nikajibu. Ukifika mji wa wenye chongo, nawe fumba lako. Hiyo ndiyo maana yake, na hiyo idiom ndiyo iliyotulisha.

Nilichojifunza wakuu: kuikariri idiom ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumjua unayemwambia, kwao inasemwaje na inajibiwaje.

Wenye visa vyenu vya Kiingereza, mwageni hapa. Ila mlango una kufuli. Kabla hujachangia, malizia hii na utoe maana yake:

"Strike while the iron..."