Bwana DC Alifuata Ngoma

Lusia wa Tinde ana mambo mawili ambayo hakuna binadamu aliyewahi kumbandua kwayo. La kwanza, mlenda hauliwi na wali. La pili, siku ya Uhuru Bagalu walishinda.

La kwanza watu walimwachia. La pili hakuachiwa, kwa sababu jirani yake ni Justa, na Justa ni wa Bagika.

Asiye wa huku aelezwe. Kwa Wasukuma ngoma ni vita isiyo na mkuki. Bagalu wanacheza huku, Bagika wanacheza kule, wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likishuka, wenye watu wengi ndio washindi. Ndiyo maana kila manju, kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya kuvuta watu, na anayesema hana, huyo anazo mbili.

Ngoma hizo ni za baada ya mavuno. Lakini Uhuru wenyewe ulikuja Desemba, watu wamo shambani na majembe, na nchi haiwezi kupata uhuru kimyakimya kama mtu aliyeokota shilingi. Wakatupa majembe. Lusia alikuwa msichana wa mstari wa mbele, mabega yanapepeta kama ungo. Justa kule kwao naye hivyohivyo. Jua likateremka, waamuzi wakatazama huku, wakatazama kule: sawasawa. Hata mbwa walikuwa sawasawa.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshushwa usiku, na Bwana DC wa wakati huo alikuja kuaga. Alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, mtu mwekundu asiye na kazi tena. Wingu likatanda. Mara Bwana DC huyo akaanza kutembea kuelekea kwa Bagalu! Watu walishazoea kuangalia anakwenda wapi, wakamfuata. Bagika wakabaki na ngoma zao na vumbi lao. Waamuzi wakanyoosha fimbo: Bagalu!

"Alifuata ngoma," anasema Lusia mpaka leo.

"Alifuata gari," anasema Justa. "Landrova yake ilikuwa nyuma yenu, vioo viko wazi, mvua hiyo inakuja. Alikwenda kufunga vioo!"

"Mbona alikuwa anatikisa kichwa?"

"Kioo kilikuwa kimegoma kupanda. Wewe usingetikisa?"

Walizeeka hivyo. Walizaa, walizika waume, walilima pamba, wakaichoka wakalima mpunga, na vile vioo havijafungwa. Justa akipandisha hasira kweli husema, "Nchi nzima ilikuwa inamfukuza, ninyi mkaweka dawa ya kumvuta! Kidogo mturudishe nyuma!" Lusia humjibu kwamba dawa iliyomvuta mwenye kushika nchi ndiyo dawa, ile ya kwenu haikuvuta hata mbuzi. "Halafu," Justa humalizia, "tangu bendera ishuke alikuwa mtu tu kama wewe. Nani alimpa ruhusa ya kuhamisha watu?"

Hoja hiyo ina meno. Lusia humwuliza kama amekula.

Mwaka huu miguu ya Justa ikavimba. Alipelekwa hospitali ya Kolandoto, wakampa dawa, wakasema moyo umechoka, asichote maji wala asilale peke yake. Basi mwanawe Charles, muuza spea za pikipiki kule Geita, akaja na gari kumchukua. Justa akakaa kwenye kiti chake uani, hakuinuka.

"Siondoki mpaka Lusia aseme ukweli. Nikiondoka hivi, atabaki na Uhuru peke yake, ausimulie anavyotaka."

Charles akabembeleza mpaka jasho. Mwisho akavuka ua kwenda kwa Lusia, kitenge kipya mkononi.

"Mwangaluka, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa. Naona pikipiki zinaharibika sana huko."

"Mama mkubwa, nakuomba neno moja tu. Mwambie mama kwamba Bagika walishinda. Tukishafika Geita, wewe sema lako."

"Na kitenge hiki?"

"Zawadi tu."

"Mkoloni naye alianza na vitambaa."

Charles akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama mkubwa, miguu ya mama umeiona?"

Ameiona! Kila asubuhi ni yeye anayeibonyeza kwa kidole gumba, na shimo linabaki kama kwenye ugali uliopoa. Lusia akaweka kitenge pembeni, akakaa. Akilisema neno hilo, Justa atakwenda, atatunzwa, na yeye atabaki Tinde na watoto ambao Uhuru kwao ni siku ya kutokwenda shule. Atabishana na nani? Wote waliokuwepo wameshazikwa. Asipolisema, Justa atang'ang'ania kiti kile mpaka naye azikwe. Na ushindi wa kumshinda marehemu, mayu, una utamu gani?

Akainuka, akaenda kusimama mbele ya Justa.

"Justa."

"Sema."

"Bagika..." Justa alikuwa amemkazia macho, na Lusia akaona macho yale yanaogopa, kama mtu anayekaribia kunyang'anywa kitu. "Bagika mlicheza vizuri."

"Hilo silo nililouliza."

"Ndilo nililo nalo."

Akageuka, akaingia nyumbani kwake. Charles akashika kichwa. Walipokuja kumwona tena, Lusia alikuwa ametoka na furushi la michembe ya viazi, kuku kwapani, na viatu vya kanisani mkononi.

"Charles, fungua gari."

"Unakwenda wapi, mama mkubwa?"

"Geita. Kesi haikatwi mkia kama mjusi. Mama yako anahama, kesi nayo inahama. Nitakaa mpaka miguu ipungue. Maji ya kuoga nitampa mimi, wewe huna mkono wa kumwogesha mwanamke. Mbuzi wangu wataangaliwa na mjukuu wangu Mayala."

"Gashi! Mimi sikumwalika mtu," akasema Justa. Lakini alikuwa ameshainuka, na fimbo yake inatafuta mlango wa gari. "Kiti cha mbele ni changu. Mgonjwa ni mimi."

Wakaondoka. Walipoiacha Kahama, pikipiki za wachimbaji zikaanza kuwapita na viroba vya mawe. Justa akamgeukia mwanawe.

"Charles, wewe ni mtu mzima. Bwana DC alifuata gari au ngoma?"

"Mama, mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Moyoni mwako wewe ni Mgalu au Mgika?" akadakia Lusia kutoka nyuma.

"Mimi nasikiliza bongofleva tu."

Justa akageuza shingo kwa shida, akamtazama Lusia. Lusia akamtazama Justa. Wakamsikitikia kwa pamoja, tena kwa moyo wote.

"Umelea mtoto hana upande," akasema Lusia kwa upole.

"Baba yake ndiye aliyemharibu."

Justa akakohoa, akaanza wimbo wa Bagika, polepole. Kabla hajafika ubeti wa pili, Lusia akaanzisha wa Bagalu kwa sauti kubwa zaidi, na kuku akaitikia. Mmoja anamwimbia Charles sikioni, mwingine kisogoni, na kila mmoja anamwambia asikilize huku. Walipokaribia Bulyanhulu Charles alipunguza mwendo, akabaki anatabasamu na barabara, asijue ageukie wapi.