Iksi Nyekundu Kwenye Ramani ya Mudzipela

Nilipoanza kufundisha vijana kuchora ramani kwa simu na kuandika kwenye blogu, sikuamini kwamba kazi ile ingemsaidia mtu. Niliwauliza wazi: nani katika mtaa huu wa Mudzipela anasoma blogu? Wakacheka. Msichana mmoja, aliyehamia huku mjini Bunia kutoka Butembo na kuishi na mama yake mdogo katika nyumba ya kupanga, akanijibu kama anayemjibu ndugu yake mkubwa, "Yaya, weye utasoma. Iko mutu moja tayari."

Nilimpenda toka siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuonyesha nyumba zilizo mbali na maji. Alizunguka mtaa kwa miguu, na kila nyumba ya namna hiyo, hata yao, akaitia iksi nyekundu kwenye ramani, kwa kuwa rangi hiyo inaonekana vizuri kwenye simu hata juani. Alipomaliza akawaonyesha majirani kwa furaha.

Lakini hapa mjini iksi nyekundu ikipakwa ukutani, watu wanajua nyumba itabomolewa. Jioni ileile mwenye nyumba alikuja kumwambia mama mdogo atafute pengine pa kukaa. Hawezi, alisema, kupangisha watu wanaotia alama kwenye parsele yake, kiwanja chake mwenyewe.

Asubuhi nilifika na maelezo marefu ya Kifaransa kuhusu alama za ramani. Mama mdogo akanikatiza.

"Mwalimu, acha ile Kifaransa. Ongea na muzee."

Mzee, yule mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, majirani wamemzunguka. Kabla sijafungua kinywa, msichana alimpa simu kwa mikono miwili.

"Papa, chagua alama weye mwenyewe."

Mzee aliisogeza simu karibu na macho.

"Tia bidon," akasema. "Bidon ya manjano, ile ya kuchotea maji. Hakuna mutu ataogopa bidon."

"Yangu tia mbili," jirani mmoja akadakia. "Siye huku maji iko mbali kabisa."

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka. Tukabadilisha iksi moja moja, kila mtu akitafuta nyumba yake. Mama mdogo akainama juu ya simu.

"Yetu iko wapi?"

"Niliitoa jana usiku, mama. Niliogopa."

Mama mdogo akainua kichwa. Akamtazama mzee.

"Muirudishe kwa ramani," mzee akasema. "Na mubakie mule mule kwa nyumba."

Mama mdogo akamshukuru kwa sauti ndogo, akaingia ndani kufungua mizigo aliyokuwa ameifunga usiku.