Mkono Mwekundu wa Zahanati

Kila ninapoingia kiwandani kwa wachapaji nikanusa wino mbichi, mimi hurudi nyuma hatua moja. Hucheka peke yangu, maana kuchora mabango ndiyo kazi inayonilisha. Lakini hofu ya utotoni, msomaji wangu, haiulizi mtu anafanya kazi gani.

Nilikuwa sijaanza shule tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Kidete. Zahanati ilipokwisha kujengwa, bwana afya alibandika bango kwenye ukuta wa duka la ushirika, likinuka wino bado. Lilichorwa mkono mmoja tu, mwekundu, umeishia kwenye kifundo, kidole kikielekea zahanati. Rafiki yangu Asha, aliyejua kila jambo baya la dunia hii, alinifafanulia: mle ndani wamo mumiani, wanyonya damu, na mkono ule ni wa mtu aliyekwisha kuingia.

Kisha tukaenda kuchungulia, tukarudi mbio. Stesheni ya treni ilikuwa na ngazi, hata ofisi ya kijiji ilikuwa na ngazi. Zahanati haikuwa nayo. Mlangoni saruji ilishuka taratibu mpaka chini, laini kabisa. Asha akasema hapo ndipo maiti huburuzwa. Niliamini.

Ndipo kikohozi kikamzidia Bibi, mzaa mama yangu. Mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa, akitembea kwa gongo. Hospitali ya Kilosa alikuwa akiikataa miaka yote, akidai kikohozi kitaisha chenyewe, nami nikamwona ana akili. Lakini jirani alipomsimulia mlango wa zahanati ulivyo, alijifunga khanga yake nzuri akaniita nimsindikize.

"Bibi, tusiende," nikamsihi njiani. "Watakunyonya damu!"

"Damu gani, mke mwenzangu? Babu yako aliimaliza yote."

Sikucheka. Nilijua nampeleka kufa. Tulipofika penye ule mteremko nikang'ang'ania khanga yake. Mganga wa zahanati akatoka, mikono mbele.

"Shikamoo bibi. Ngoja nikubebe."

"Marahaba. Usiniguse!"

Akainua gongo juu. Nami nikapiga yowe, kwa kuwa niliona sasa na yeye amewatambua mumiani. Lakini alipanda. Polepole, akipumzika, akikohoa, akapanda peke yake mpaka mlango ukammeza. Nilibaki nje nikilia, macho yangu hayabanduki pale mlangoni.

Alipotoka na chupa ya dawa, nilimkagua mikono yote miwili. Ilikuwepo. Uso wake ndio uliolowa machozi.

"Wamekuumiza, Bibi?"

"Hapana. Nimeingia mwenyewe."

Nilidhani homa inamsemesha.

Mama alinieleza nikiwa mtu mzima, tulipokwisha kumzika Bibi. Kabla sijazaliwa aliwahi kupelekwa hospitali ile ya Kilosa, akashindwa ngazi, na aliyekuwepo wa kumbeba alikuwa baba yangu. Mkwe wake! Mtu ambaye hata chakula hakula mbele yake, ambaye wakikutana njiani alijitanda khanga akapisha. Alipandishwa mgongoni mwake watu wote wakitazama. Aliporudi nyumbani aliapa kuwa hatabebwa tena. Miaka yote ile ya kusema kikohozi kitaisha chenyewe, Bibi alikuwa akiogopa kuliko mimi.