Mgongo wa Gauni la Mama

Kitenge kipya kikipigwa pasi kwa mara ya kwanza hutoa harufu yake, ya wanga na rangi inayopata joto. Kila nikiinusa narudi Sekei, chumbani kwa mama, msichana wa miaka kumi, nimeshika viatu vyake nikisubiri amalize kuvaa. Alikuwa hamalizi.

Siku hiyo ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya mama mdogo, Upendo. Bibi alifariki Upendo akiwa bado anatambaa, kwa hiyo mama, mtoto wa kwanza wa nyumba yao kule Kikwe, ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akienda shamba, alimbeba akipika, na nasikia hata kwaya alikwenda naye mgongoni. Sasa Upendo anaolewa, na alikuwa ameomba jambo moja tu: mama amshike mkono waingie ukumbini wakicheza, kisha amtambulishe kwa wakwe.

Sare ilikuwa kitenge cha bluu chenye maua makubwa ya manjano yaliyosimama wima kwenye vikonyo vyao. Wanawake wote wa ukoo walikwenda kupimwa kwa fundi mmoja wa Levolosi. Mkono wake ulikuwa mzuri, tatizo lilikuwa sauti. Alipimia watu barazani, mbele ya benchi la wateja, akimtajia mkewe vipimo kama mtu wa mnadani. "Kiuno!" "Nyonga!" Na benchi zima linanyamaza lisikie namba.

Mama hakwenda. Alinituma mimi na gauni lake la kipimo, lile alilovaa siku niliyobatizwa.

"Mwambie ashone kama hili hili."

"Lakini mama, hili si linakubana?"

"Nenda, Eli. Mpaka siku yenyewe litakuwa halinibani."

Kwa hiyo alianza kushindana na gauni. Aliishi kwa kabichi ya kuchemsha na maji ya moto ya ndimu. Alitupikia loshoro, mahindi laini na maziwa mgando kama alivyofundishwa kwao, akatupakulia, halafu akasimama mlangoni akituangalia tunavyolamba vijiko. Alfajiri, ukungu wa Meru ukiwa bado umelala juu ya migomba, alitoka na raba za baba akaupanda mlima kwa haraka, akarudi na matope hadi magotini. Baba alisema yeye hakuoa mwanariadha. Mama, ambaye kwa kawaida angemjibu mpaka majirani wacheke, alikaza kamba za raba akatoka. Kioo cha kabati alikitundikia kanga, akasema ni kwa sababu ya vumbi. Ilikuwa masika, na nje hakukuwa na vumbi lolote.

Siku ikafika. Gauni lilipita mabegani, likashuka kiunoni, zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo na kugoma. Shangazi Ndeshi, dada yake baba, alipiga goti kitandani nyuma ya mama akivuta kama anayemkamua ng'ombe mkaidi.

"Wifi, vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Vuta na ya jana!"

Nilicheka. Mama alikaa kitandani, mgongo wazi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia: "Mwambieni Upendo naumwa. Wewe Ndeshi utamshika mkono."

"Mimi? Mimi ni wa upande wa shemeji yake! Watu waseme ndugu zake wote wamekwisha?"

Lakini alitoka kumwita. Upendo akaja mbio kutoka chumba cha pili alikokuwa akipambwa, kanga kifuani, rola kichwani, nyusi moja imechorwa na nyingine bado.

"Unaumwa nini, dada?"

"Kichwa."

"Kichwa ndicho kimekwama kwenye zipu?"

Mama akaanza kulia. "Upendo, nitakuaibisha. Watu wote watakuwa na simu zao pale, watanipiga picha. Tazama mikono yangu ilivyo. Tazama mgongo huu."

"Nautazama. Mgongo huu naujua kuliko uso wako. Nimeulalia mpaka nikaota meno. Mimi sina mama mwingine wa kuingia naye. Sasa niingie na nani?"

Upendo akachukua mkasi uliokuwa juu ya meza, akamzunguka, akalikata gauni kando ya zipu kutoka shingoni hadi chini ya kiuno.

"Yesu wangu!" akapiga kelele shangazi. "Kitenge cha watu!"

"Leteni kilemba chake cha sare, tukate kiraka."

"Kilemba hapana," mama akasema, akikikumbatia. "Sijapaka rangi. Kichwa kizima ni mvi."

"Basi tutaingia na mvi."

Shangazi aliunga kipande cha kilemba mgongoni kwa sindano ya mkono, mama akiwa amesimama ndani ya gauni. Alilalamika kila alipochoma: kitambaa kifupi, taa hafifu, bibi harusi hana adabu. Kwa sababu ya ufupi huo kipande ilibidi kilazwe, na maua ya pale katikati yakawa yamelala ubavu, kama yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Ukumbini nilitembea nyuma yao, macho kwenye maua yale, nikingoja mtu aseme. Mama alianza kucheza akiwa amebana viwiko. Upendo hakumwachia mkono. Katikati ya ukumbi mwanamke mmoja alipiga kigelegele, kingine kikafuata, na nikaona mabega ya mama yakishuka, kiuno kikiingia kwenye ngoma, mvi zikimeremeta chini ya taa. Mbele ya wakwe alisema, "Huyu nimemlea mimi," na sauti yake ilikuwa imerudi. Kisha akala. Alikula ndizi na nyama, akaongeza, akafuta mikono, akarudi kucheza.

Hakuna aliyeuliza habari ya maua.

Kwa miaka mingi niliihadithia siku ile kama kichekesho cha zipu. Nimekuja kuielewa juzi juzi tu, baada ya kuzaa, mwili wangu mwenyewe ulipoanza kuzikataa nguo zangu za zamani. Kumbe wiki zile zote mama alikuwa akijipunguza ili aingie katika mwanamke wa miaka kumi nyuma, na hakuna kati yetu aliyemwambia kwamba huyo hatukuwa tunamhitaji. Upendo alimhitaji huyu aliyepo, na mikono yake na mgongo wake na mvi zake. Ilipobidi kitu kikatwe, alikata nguo.

Nashukuru kwamba niliishuhudia siku ile nikiwa na miaka kumi, kabla sijafundishwa kuuogopa mwili wangu.