Sanduku letu la dharura Kisangani lilijaa chumvi, maziwa ya mapacha hayakuwemo

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni bibi wa umri mkubwa, naishi Kigoma, na anayechapa hapa ni mjukuu wangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiniwekee marembo yake. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nimesomewa uzi wa mkuu mmoja humu anayeuliza njia nzuri ya kufuatilia vitu vya dharura anavyonunua kuweka ndani. Mchele, betri, dawa, maji. Wengine wamemshauri app, wengine jedwali kwenye kompyuta. Mmoja akamjibu: "Kichwa kinatosha mkuu, usijitese."

Huyo wa mwisho ndiye amenifanya nidai simu.

Kichwa hakitoshi. Nyumbani kwetu vilikuwa vichwa vitatu, vyote vizima, na bado.

Turudi miaka ya hamsini, katikati hivi. Wazungu waliuita mji Stanleyville, sisi kwa Kiswahili chetu ulikuwa Kisangani tu. Mimi nilikuwa mke kijana, nimetoka Maniema kumfuata mume. Mume wangu Rafaeli alikuwa karani bandarini, kazi yake kuhesabu mizigo inayoshuka kwenye masuwa, yaani meli za mtoni. Tuliishi na dada yake mkubwa, Vero, mjane asiye na mtoto, aliyekaanga mikate na kuiuza karibu na soko. Wifi yangu huyo nilimpenda. Najua humu mnapenda visa vya mawifi wabaya, samahani, leo sina.

Sasa, Kisangani ilikuwa inakula kwa mto. Chumvi, mafuta ya taa, sabuni, vitambaa, vyote vilipanda na masuwa kutoka chini. Mto ukipungua sana, masuwa zinakwama kwenye mchanga huko njiani, na maduka yanaanza kukauka. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki tulikaa gizani na kula mboga bila chumvi mpaka tukasahau ladha yake.

Rafaeli akasema haitatokea tena. Akaleta sanduku la bati, lile refu la safari, akaliweka chini ya kitanda. Humo vitakaa vitu vya shida tu. Akalitia kufuli na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Mlichelewa kuzaliwa, mngemcheka. Mtu akitaka kiberiti cha kuwashia jiko siku ya kawaida, anaambiwa hicho ni cha dharura. Ukinunua kitu cha sanduku unamkabidhi, anakiingiza mwenyewe wakati wake, na hakuna mwingine wa kuchungulia.

Kisha nikajifungua mapacha. Wa kiume Yozefu, wa kike Mado. Maziwa yangu yaliwatosha wote wawili, kwa shida lakini yaliwatosha. Ila mkunga wa hospitali alituonya: mama wa mapacha akiugua, maziwa yanaweza kukatika, kwa hiyo wekeni maziwa ya kopo karibu.

Basi maziwa ya kopo yakaingia kwenye mpango wa sanduku. Naomba mshike hapo, maana ndipo tulipoharibu.

Kufuatilia manunuzi kwetu kulikuwa hivi. Kila Jumapili baada ya kula, Rafaeli anakaa kwenye kiti chake anataja kitu kimoja kimoja kwa sauti, na sisi tunajibu. Karatasi hakuna. Alisema wiki nzima anaandika mizigo ya watu, hataki kuona kalamu nyumbani kwake. Mimi na Vero tuliona ni sawa kabisa. Nani anataka karani Jumapili?

Wale wasiojua Kiswahili cha Kongo niwafafanulie kidogo. Neno letu ni "iko". Kitu kikiwepo, iko. Kikiwa kizuri, iko muzuri. Kikiwa dukani, iko. Kikiwa mfukoni mwako, iko. Ni neno jepesi, halikusumbui na sarufi, ndiyo maana tunalipenda.

Wiki ile Rafaeli alikuwa amemtuma Vero apite kwa Mgiriki mwenye duka aangalie kama maziwa ya kopo yamefika. Vero akapita. Yalikuwa yamefika, yamepangwa juu ya meza. Yeye hakununua, kwa sababu hakuwa ametumwa kununua. Kazi yake ilikuwa kuangalia.

Jumapili ikafika.

"Chumvi iko?" Rafaeli akauliza.

"Iko," Vero akajibu.

"Maziwa ya batoto iko?"

"Iko. Iko mingi."

"Bon," akasema Rafaeli, yaani vema, akahamia sabuni.

Mimi nilikuwa hapo hapo, nanyonyesha. Nilisikia kila neno na nikafurahi. Nilijua Vero ameshanunua na kumkabidhi. Rafaeli naye alidhani yamo kwenye kifurushi alichokabidhiwa na Vero wiki ile, alichokitia sandukuni bila kukifungua. Vero alijua ndugu yake sasa ana habari kwamba dukani yapo, atapita mwenyewe kuyachukua akitoka kazini.

Watu watatu mezani, wakuu, na kila mmoja ameridhika.

Jumapili zilizofuata hakuuliza tena maziwa, maana hilo lilikuwa limekwisha. Alikuwa anauliza chumvi. Chumvi ndiyo iliyomtesa mwaka uliopita, ikawa haimtoki kichwani. Akiuliza chumvi, mimi nanunua kidogo nimfurahishe, Vero ananunua, na yeye mwenyewe akipita dukani ananunua.

Mto ukapungua. Mawe ya kwenye maporomoko yakatoka nje, watoto wakawa wanayarukia. Bandarini Rafaeli akakaa bila kazi, akatuambia masuwa imekwama huko upande wa Barumbu na haijulikani lini itatoka. Kama watani wangu wa humu wanaopenda kusema "nilikwambia", yeye alikuwa amejaa furaha. Alipita kwa majirani akiwashauri wajipange mwakani kama sisi.

Hapo ndipo homa ikanishika. Malaria ile ya kukutikisa mpaka kitanda kinalia. Siku chache tu matiti yakalegea. Yozefu ananyonya analia, Mado ananyonya analia.

Rafaeli akavuta sanduku. Alivuta bila haraka, kama mtu mwenye jibu.

Kwinini ilikuwemo, nikapewa, na ndiyo iliyoniponya. Mishumaa, viberiti, sabuni, vyote vilikuwemo. Na chumvi. Chumvi juu, chumvi chini, chumvi pembeni, ungeweza kukausha samaki wa mtaa mzima. Akaitoa yote akaiweka sakafuni, akagusa bati la chini kwa mkono.

Akamtazama dada yake. Vero naye alikuwa anamtazama yeye.

"Ulisema iko," Rafaeli akasema.

"Uliniuliza kama iko. Ilikuwa iko, kwa Mugiriki, juu ya meza. Nilizani wee utaenda kununua."

"Donc, basi hakuna mutu alinunua."

"Hakuna," Vero akasema, akakaa chini kwenye ile chumvi.

Sikuwa na nguvu ya kumlaumu mtu. Na hata leo nikimtafuta wa kumlaumu simpati, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwepo mwongo, ningemsamehe au ningemchukia, mambo yangekwisha.

Walizunguka mji wote. Kwa Mgiriki meza ilikuwa tupu zamani. Kwa Mreno tupu. Hospitali walikuwa nayo kidogo ya watoto waliolazwa, wakatupa ya kulalia siku hiyo. Mkubwa wa Rafaeli bandarini, Mzungu ambaye hakuwa na maneno mengi, akatoa kopo moja la nyumbani kwake. Shukrani yake ninayo mpaka kesho. Lakini kopo moja kwa mapacha ni nini?

Mado alikuwa bado na nguvu ya kulia. Yozefu alikuwa ameacha kulia, na mwenye mtoto anajua hilo ni baya zaidi.

Vero ndiye aliyepata njia. Kwenye kijiji cha wavuvi kule maporomokoni alikuwa na rafiki yake wa kumuuzia samaki, jina lake Mama Albertina. Mama huyo alikuwa amezika mtoto mchanga muda si mrefu, na matiti yake bado yalikuwa yamejaa. Vero akaenda kumwomba. Sijui alimwambia nini, hakuwahi kunisimulia.

Akakubali, ila mmoja tu. Wawili alisema asingeweza kwa mwili wake.

Mimi nilikuwa na maziwa ya kumtosha mmoja, yakirudi. Kwa hiyo mmoja aende, mmoja abaki. Vero alisema aende mwenye nguvu, ataistahimili nyumba ngeni, na mgonjwa abaki kifuani kwa mama yake. Nilikubali. Wote tulikubali, ilikuwa ni akili nzuri. Nikamfunga Mado kitambaa changu cha kichwa, kwa ajili ya harufu.

Mama Albertina alimpokea mlangoni. Akamweka titi hapo hapo, Mado akalikamata kama aliyekuwa analidai. Yule mama alilia. Mimi, niliyefika nimeegemea bega la Vero, nililia. Akaniambia:

"Mutoto atanyonya. Wee ukuje kumuona kila siku, mi siwezi kukukataza."

Na hakunikataza kamwe. Nilikwenda kila siku nilipopata nguvu.

Masuwa ilifika mto ulipojaa, maziwa yakapangwa tena kwa Mgiriki. Tukanunua, safari hii Rafaeli aliyabeba mwenyewe kifuani. Lakini Mado alikataa chupa. Kwangu alinyonya kidogo, akachoka kuvuta, akalia. Mkunga akasema msimtese, mwacheni kule mpaka aache ziwa.

Tukamwacha. Ilikuwa tu mpaka aache ziwa.

Kisha kampuni ikamhamishia Rafaeli Kindu. Nilikuwa na Yozefu mgongoni, na Mado bado ananyonya. Vero akasema nendeni, mimi nipo, nitamwangalia. Aliiacha mikate yake ya sokoni, akahamia karibu na kijiji cha wavuvi, akaanza kukausha samaki. Watu wa ukoo walisema anajiadhibu. Labda. Mimi sikumwambia aache, wala sikumwambia aendelee.

Tuliporudi Mado alikuwa anatembea na kusema, anasema Kienya cha wale wavuvi na Kilingala. Kiswahili kidogo. Tukamchukua nyumbani, tukampikia pondu, yaani kisamvu, na wali. Hakula. Alikaa mlangoni amegeuzia nyumba mgongo. Nikimsogelea anatulia, ananiruhusu nimshike, halafu ananiambia kwa adabu kabisa: "Nataka kwetu."

Tulijaribu tena na tena. Kila mara aliugua. Mwisho Rafaeli akambeba mabegani akamrudisha maporomokoni. Alivyorudi hakula siku hiyo, na mambo ya Jumapili kutaja vitu kwa sauti yakafa palepale. Akaanza kuandika. Aliandika kila kitu kilichoingia ndani mpaka kufa kwake, na hakuna hata kimoja kilichohitajika kama kile.

Miaka ya sitini, vurugu zilipoanza, tulivuka ziwa tukaja Kigoma. Kabla ya kuondoka tulimfuata Mado tuje naye. Alikuwa msichana tayari. Alitubusu, akamsindikiza pacha wake mpaka njiani, akarudi kwao.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, nakujibu. Andika popote unapotaka, kwenye simu au kwa mkaa ukutani. Lakini usiandike kwamba kitu kipo. Andika kipo wapi, na nani kakileta mkononi. Halafu fungua ukakiangalie kwa macho, hata kama mwenye ufunguo atanuna. Na mnapokaa mezani mkikubaliana upesi, ulizaneni tena, maana kukubaliana upesi ndiko kulikotumaliza sisi.

Mlio na uzoefu wa namna hii leteni, mjukuu atanisomea. Mnaotaka kunilaumu pia karibuni, ngozi yangu ni ngumu. Kama yupo mtu wa Kisangani humu, aniambie kama wavuvi wa maporomokoni bado wapo palepale.

Nimalizie jambo moja, kisha nimrudishie mtoto simu yake.

Mado yupo hai, ni bibi kama mimi sasa. Tunazungumza kwenye simu, si mara nyingi. Anajua yote, Vero alimweleza kabla hajafa. Hana kinyongo, na ananiheshimu sana. Ananiita Mama Yozefu, kama majirani wanavyoniita.

Siku moja alipiga asubuhi, sauti imekauka. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama Yozefu," akasema, "mama amekufa."

Nikampa pole.