Milioni Moja na Tatu

Usiku ule nililala na khanga ileile niliyotoka nayo sebuleni, ambako mama mkwe alikuwa amemaliza kusema. Alisema mbele ya mume wangu, Rashidi, kwamba miaka sita imetosha, mimi ni tasa, na mwanawe ataoa mke mwingine. Rashidi alitazama sakafu. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unajua upo, ila huusikii.

Usingizini nikajikuta darasani, kidato cha tatu, dawati la mbele. Mwalimu Mwanaidi, aliyetufundisha hesabu, alikuwa ubaoni. Nilijua amekufa, mwaka jana nilikwenda msibani kwake. Haikunishangaza.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akaitikia bila kugeuka, huku akiandika: 1,000,003.

"Ni namba tasa, au si tasa?"

Namba tasa, alikuwa akituambia, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaanza kugawanya. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Nikachoka, nikaandika: tasa.

Sasa hatupo darasani. Tupo jikoni kwangu, Mwalimu ameketi kwenye kigoda, vidole vyeupe kwa chaki, daftari langu mapajani mwake.

"Umefika ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na hili jibu umelitoa wapi?"

Ananirudishia daftari, nami nagawanya. Kurasa zinajaa. Napita mia moja, napita mia tano, hakuna inayoigawanya, na mkono hauumi. Kwa mia tisa tisini na saba inabaki kumi na mbili.

"Simama hapo. Elfu mara elfu ni milioni, kupita hapo hakuna haja."

"Basi ni tasa, Mwalimu. Nilipata tangu mwanzo."

"Mwanzo ulikisia. Sasa unajua."

Ananitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyeruka hatua.

"Wewe umepimwa?"

"Mara tatu. Madaktari hawakuona kasoro."

"Na mumeo?"

Natafuta kwenye daftari, kana kwamba jibu lingekuwa humo. "Hajapimwa."

"Basi anayekuita tasa anakisia."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, Rashidi anafunga vifungo vya shati la kazi. Sikuwa na hasira wala furaha. Ganzi ilikuwa palepale. Lakini sauti ilitoka.

"Leo usiende kazini. Twende hospitali, upimwe na wewe."

Mikono yake ikasimama kifuani. Nje, mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Tukausikiliza ufagio wake.

"Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie tunakwenda kupima."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akakaa hapo hadi ufagio ulipozunguka nyuma ya nyumba. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, akaniomba nimpe shati la kutokea.