Kubanika, Alivyosema Bibi

Asubuhi za masika niliamshwa na harufu ya moshi wa mpera, kabla hata jogoo wa jirani hajajisumbua. Nyumba yetu ilikuwa kilimani, upande wa Kabanga, mahali ambapo ukungu wa Kasulu huchelewa kuondoka, na nguo unazoanika leo unazianua kesho kutwa zikiwa bado zina unyevu. Bibi, mama yake mama, alizaliwa Burundi, ufukweni mwa ziwa. Alivuka mpaka akiwa msichana mwenye nguvu zake, na maisha yakamleta huku juu ambako, kama alivyopenda kulalamika, maji mengi unayoyaona ni yale yanayokuangukia kichwani. Alikuwa mkali, mcheshi, na mbishi kupita kiasi. Nilimpenda mno.

Kwa watu wengi wa kwetu, samaki alikuwa mbichi au mkavu, basi. Lakini umwambie Bibi "samaki mkavu" uone! "Mkavu wa nini? Hata ukuni ni mkavu!" Kwake dagaa walianikwa: unawatandaza, unawaachia jua, kazi yako ni kutazama mawingu ili uwaanue mapema. Migebuka walitiwa chumvi, na hao walikuwa samaki wa safari. Kuchoma kulikuwa kwa mwenye njaa asiye na subira, nje kumeungua na ndani bado maji. Kubanika ndiko kulikokuwa heshima. Unampasua samaki mgongoni, unamlaza juu ya kichanja cha fito mbichi, chini unaweka moto usiopandisha ndimi, halafu unakaa naye, unamgeuza na kumgeuza mpaka mafuta yaache kudondoka na nyama ishike rangi ya asali. "Anayebanika haondoki," alisema. "Ukienda kupiga soga, ukirudi umechoma." Mimi nilikaa naye, macho yakinitoka machozi, nikimsikiliza akitaja samaki wa kwao mmoja mmoja kama mtu anayetaja ndugu.

Masika ninayoikumbuka ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati malori ya wakimbizi yalipoichimba barabara ya Kibondo mpaka ikawa uji. Dada yangu Konsolata alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Kabanga, uzazi wake wa kwanza, na maziwa hayakutoka. Manesi walimsaidia na kumtia moyo, lakini kichanga kilinyonya hewa, kikalia, kikalala kwa uchovu. Bibi peke yake alikuwa na hakika ya dawa: mchuzi wa kambale wa kubanika, bila mafuta, chumvi kidogo tu. Hakuna mwanamke wa ukoo wetu, alisema, aliyenyonyesha bila mchuzi huo. Shida ilikuwa kambale. Wachuuzi waliowaleta kwa baiskeli kutoka mabwawa ya Malagarasi walikwama kwenye tope, na meza za samaki sokoni Kasulu zilikuwa tupu.

Baba alishinda sokoni akisubiri, akarudi na kambale wawili wakubwa, masharubu yakining'inia nje ya kikapu. Bibi aliwapokea kwa mikono miwili. Akawapasua, akawaosha, akawalaza juu ya kichanja, akaketi. Tatizo ni kwamba kuni za mpera zilikuwa zimelowa, na moshi ukawa wa kikohozi tu, joto hakuna. Mama alizunguka jiko kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe hakuvumilia. Alichukua gogo la mkaratusi, mti unaowaka hata ukiwa umelowa, akalisukumia motoni. Loo! Bibi aliruka utadhani amekanyaga kaa la moto. "Mana yanje, Mungu wangu! Unataka kumnywesha mzazi dawa ya kifua?" Akalivuta gogo kwa mkono mtupu, akalitupa nje kwenye mvua. Kambale mmoja alikuwa amekwisha kushika harufu ile kali, naye akatupwa.

"Mama, mtoto analia kule hospitali!" mama alisema, naye mwenyewe akaanza kulia. "Mtoto analia, na wewe unashindana na neno!"

"Sishindani. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mama akamjibu, na sikuwahi kabla ya hapo kumsikia akimjibu mama yake.

Saa hiyo akaingia shemeji, mume wa Konsolata, matope hadi magotini. Hakuketi. Alisema mtoto ameacha kulia, sasa anakodoa macho tu. Bibi alimtazama yule kambale aliyebaki, ambaye alikuwa bado laini mgongoni, mafuta yakidondoka. Nilijua anachokiona, maana alinifundisha mwenyewe. Kisha alichochea moto mkubwa kwa mabua makavu ya kuwashia, ndimi zikapanda mpaka kwenye fito, akamgeuza samaki haraka upande huu na huu. Akamchemsha, akafunga sufuria kwa kitenge, akajitwika kichwani, akatoka mvuani bila mwavuli. Mlangoni alisema, bila kumtazama yeyote: "Leo nimechoma."

Konsolata alikunywa mchuzi ule siku hiyo na kesho yake, na maziwa yakaja. Kama ni mchuzi, kama ni manesi, kama ni Mungu, kila mtu alikuwa na jibu lake. Kanisani akina mama walimsifu Bibi kwa kambale wake wa kubanika, naye aliwakatiza palepale: "Yule nilimchoma. Msiseme uongo mbele ya madhabahu." Alikufa miaka michache baadaye, ukungu ukiwa bado haujaondoka, na kichanja chake kikaishia kuwa kuni.

Mwaka jana kichanga kile, sasa mwanamke mzima anayeishi Dodoma kama mimi, alijifungua. Nilikwenda sokoni kumtafutia kambale. Muuzaji alinipa aliyefungwa kwenye nailoni. Nikamuuliza, huyu ameanikwa au amebanikwa? Akacheka, "Mama, mkavu ni mkavu." Nilimnunua. Nilimchemsha kwenye jiko la gesi, maana nilikuwa nimechoka, nikaweka na mafuta kidogo. Mzazi alikunywa bakuli zima, akajifuta mdomo, akasema, "Asante, mama mdogo, tamu kweli." Wote mle ndani wakanisifu. Nikasubiri, sijui nikisubiri nini, nikatazama uso mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na neno la kunigombeza. Nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikalia kama mtoto.